Nyakato Hatangulii

Jumatano, 9 Julai

Nimechora mistari ya uwanja kwa majivu tena. Chokaa imekwisha. Mkuu wa shule anasema nyingine inakuja. Itakuja kama ilivyokuja mwaka jana. Majivu ya jikoni yanatosha, shida ni upepo tu. Uwanja wetu uko juu kwenye rweya, nyika tupu isiyo na mgomba wala ukuta wa kuuzuia, na mstari wa goli ulihama kabla sijamaliza kuuchora.

Wasichana wamerudi kutoka likizoni wamenona. Ndizi za nyumbani hizo. Nimewakimbiza mpaka wakanichukia. Vizuri.

Magongo mapya yamefika kutoka kwa fundi wa Izimbya. Anayachonga kwa mashina ya mibuni mizee iliyokatwa mashambani, ile iliyopinda yenyewe chini. Mazito kuliko ya dukani, lakini hayavunjiki. Abiria mmoja kwenye kituo cha Kamachumu aliniona nimeyabeba akaniuliza ugomvi uko wapi. Miaka yote hii nafundisha mpira wa magongo na watu bado wanadhani naongoza genge.

Jumamosi, 12 Julai

Zamda amekuja kutoka Bukoba kuwaangalia wasichana wangu. Ni kocha wa timu ya wanawake wa mjini, daraja la kwanza. Sisi ni daraja la pili, shule kwa shule: sisi wa Kamachumu, Kagoma, Izimbya na wengine. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtandio umefungwa kichwani, akautazama mchezo mzima. Mwisho akanionyesha Nyakato kwa kidole.

"Huyo mdogo ananifaa sasa hivi. Pacha wake bado, Mwalimu. Mwache akomae."

Nimefurahi mpaka nikaona haya. Nyakato na Nyangoma ni watoto wa kaka yangu. Mimi ni mwalimu wao wa jiografia, kocha wao na shangazi yao, na kazi hizo tatu hazikai vizuri kwenye kiti kimoja. Nimejilazimisha kuwa mkali kwao kuliko kwa wengine. Leo nimejiruhusu kujivuna kidogo. Sisi Wahaya tunasemwa kwa kujisikia. Basi leo wasemaji wangekuwa na haki.

Nyakato ana mbio, na gongo mkononi mwake linafanya kazi bila yeye kuliangalia. Nyangoma ni mzito wa miguu. Yeye anaona. Anapiga pasi mahali ambapo hakuna mtu, na mtu anafika.

Jumapili, 13 Julai

Nimeomba ruhusa bwenini, nikawachukua wote wawili baada ya ibada tukaenda nyumbani Kagoma kumpa Mama habari. Kaka yupo Mwanza na kazi zake; mambo ya watoto amemwachia Mama, na Mama hajawahi kuomba msaada.

Tulimkuta anamenya ndizi. Sikungoja hata maji ya kunawa. Nikasema: Nyakato ameitwa kucheza na timu ya wanawake Bukoba.

Kisu kikasimama. Mama akaniangalia mimi, si mtoto. Akasema kwa Kihaya, maneno mawili tu, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili:

"Nyakato hatangulii."

Kisha akaendelea kumenya. Sikuongeza, naye hakuongeza. Chakula kilipoiva akampakulia Nyangoma, halafu Nyakato, halafu mimi, kama siku zote. Nilikula bila hamu.

Nimemwelewa. Pacha hawatenganishwi. Walipozaliwa kila kitu kililetwa viwili viwili, mikeka miwili, kuku wawili, hata wageni waliambiwa wasimbebe mmoja wakamwacha mwingine analia. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake unaleta balaa ndani ya nyumba. Mimi ni Mlutheri na nina shahada. Nimeogopa vilevile.

Basi ni wote au hakuna.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia Zamda simu nikamwomba awachukue wote wawili. Akasema atawajaribu, kwa heshima yangu, lakini benchi la Bukoba halina huruma.

Nimewaambia watoto saa ya chai. Nyakato aliruka akamwaga uji. Nyangoma alisema asante Shangazi, akauliza nani sasa atacheza kiungo hapa shuleni. Nikamwambia hilo si la kumsumbua.

Nimeridhika. Nimepata njia isiyomwumiza mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Bukoba. Mechi ya kwanza. Gari la parokia lilitupeleka, dereva anashabikia chochote chenye goli.

Wanawake wale wanapiga mpira kama wanadai kitu. Wauguzi, wauza vitenge, mama mmoja mwenye wajukuu. Nyakato aliingia kipindi cha pili, akaangushwa, akainuka anacheka, akaangushwa tena. Kufikia mwisho mama mwenye wajukuu alikuwa anamwita mwanangu na kumpigia pasi. Nilisimama pembeni nimeshika mdomo nisipige kelele.

Nyangoma naye aliingizwa. Dakika chache. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilijua atapata tabu, lakini si vile. Kabla hajainua kichwa kuona, mpira umeshachukuliwa. Yeye anahitaji nusu pumzi ya kuangalia, na kule hawakupi hata robo. Akapigwa ugokoni. Akatoka mwenyewe bila kuambiwa.

Mimi nina kipimo changu cha kujua kama mtoto yuko daraja lake. Siangalii magoli. Naangalia kwenye gari wakati wa kurudi. Mtoto aliyecheza mahali pake anasimulia: nilifanya hivi, yule akafanya vile, laiti ningefanya hivi. Hata akiwa amefungwa anasimulia. Mtoto aliyewekwa mahali si pake ananyamaza.

Nyakato alisimulia mpaka tulipoanza kupanda kilima cha Kamachumu. Nyangoma alilala. Usingizi wa bandia. Naufahamu, mimi ndiye niliyemfundisha, wakati wa mahubiri marefu.

Jumatano, 23 Julai

Mazoezi ya kawaida. Upepo umelala, mistari imekaa. Nyangoma amewapanga kidato cha kwanza na cha pili kwa mkono tu, wewe hapa, wewe kule, nao wakacheza vizuri kuliko ninapowapigia filimbi. Nilikunywa chai yangu ikiwa bado moto, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kazi hii.

Jumamosi, 26 Julai

Nyangoma benchi mchezo mzima. Alikuwa anawapelekea wenzake chupa za maji. Anazipeleka kwa adabu, kwa mikono miwili, kama anawapa wageni. Niliumia kuliko angekuwa analia.

Zamda hana kosa. Ana timu ya kushinda, si kituo cha kulelea watoto.

Nyakato alifunga goli. Alikimbia kumtafuta dada yake kwa macho, akamwona na chupa mkononi, na furaha ikamtoka usoni hapohapo. Kwenye gari wote wawili kimya. Dereva aliuliza kama tumefungwa. Nikamwambia tumeshinda. Akasema haionekani.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo Nyakato kacheza ovyo. Pasi ambazo angezipokea amefumba macho zilimpita katikati ya miguu. Nikasema amechoka, mitihani ya kati imekaribia. Zamda alimfokea. Akakosa tena, mpira mbele ya goli tupu, gongo likapita juu yake kama anafyeka majani.

Ndipo nikaona. Kabla ya kukosa anaangalia benchi. Kila mara. Anamwangalia Nyangoma, halafu anakosa.

Anakosa kwa makusudi.

Nilipandwa na hasira nikatembea mpaka nyuma ya choo cha uwanja kuzimeza. Hakuna kitu kinachoniudhi kama kipaji kinachojifanya hakipo. Wakati wa kurudi, dereva aliposimama kununua mkaa na Nyangoma kushuka kunyoosha miguu, nikamgeukia Nyakato nikamwuliza anafanya nini. Hakukana. Alinijibu polepole, kama ananifafanulia hesabu.

"Nikicheza vibaya tutarudishwa wote, Shangazi. Si ndiyo?"

Ni mimi niliyewafunga kamba moja. Ng'ombe wawili wakifungwa kamba moja, mwenye nguvu hujifunza kusimama.

Jumapili, 3 Agosti

Nimewarudisha wote. Kama hawawezi kupanda pamoja, watakaa chini pamoja. Nimempigia Zamda. Alisema ninamharibu mmoja ili nisimwudhi mwingine, na mwisho nitawaharibu wote. Nikamjibu kuwa ni jambo la familia. Hapo mtu wa nje hunyamaza, naye akanyamaza.

Nimesema neno hilo kwa sauti ya kiburi, na nimejichukia baada ya kukata simu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna shule. Nimeshinda nyumbani Kagoma, kahawa imeanikwa uani, kazi yangu kuigeuza na kufukuza kuku. Jua zuri. Mama anaimba nyimbo za zamani asizozikumbuka maneno, anaweka ya kwake. Nilikuwa na furaha kabisa kwa muda mrefu, na sikutaka kuiharibu kwa kuleta habari za mpira.

Jumamosi, 9 Agosti

Izimbya, kwao. Daraja letu la zamani, pacha wote uwanjani, nikitegemea mambo yamerudi mahali pake.

Hayajarudi. Nyakato amekwishaonja Bukoba. Alichukua mpira nyuma kabisa akaenda nao peke yake, akafunga. Akarudia. Akarudia tena. Golikipa wa Izimbya, binti mwenye pedi za miguuni za vipande vya godoro, alikaa chini kwenye mstari akakataa kusimama. Wasichana wetu walisimama kama watu wanaotazama gari likipita.

Na Nyangoma? Hakugusa mpira. Bukoba hakuupata kwa sababu wenzake wana kasi. Hapa hakuupata kwa sababu ndugu yake hakuhitaji mtu. Nilimpigia Nyakato kelele atoe pasi. Akatoa, kwa huruma, pasi laini ya kumpa mtoto mdogo. Nyangoma aliupokea akauangalia, kisha akaupiga nje kwa nguvu zake zote. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Wenyeji walitupatia mkungu wa ndizi licha ya kichapo tulichowapa. Adabu ya Izimbya hiyo. Niliupokea nikiwa nimeinamisha macho.

Kwenye gari hakuna aliyesimulia. Gari zima. Tumeshinda mechi na hakuna hata mmoja aliyecheza.

Jumatano, 13 Agosti

Nyangoma hakuja mazoezini. Nimemkuta darasani na kitabu cha kemia. Anasema anataka kusoma. Mtoto akimwambia mwalimu anataka kusoma, mwalimu atasema nini? Amelichagua jibu lisilo na mlango.

Gongo lake amempa msichana wa kidato cha kwanza, mtoto mwembamba mwenye kikohozi. Gongo hilo lilichongwa kwa mbuni wa shambani kwetu, shina moja liligawanywa kuwa mawili, kipande cha chini kilicho kinene cha Nyangoma, cha juu cha Nyakato. Nimemwona yule mtoto analizungusha uwanjani na roho imeniuma waziwazi.

Nyakato alifika mazoezini, akafanya kila nilichomwambia. Hakufanya kitu kingine.

Ukubwa jalala. Lakini takataka hizi nimezitupa mwenyewe.

Jumapili, 17 Agosti

Lazima niandike yote ya leo, nisije nikayasahau au nikayapamba.

Nimekwenda Kagoma peke yangu kugombana na Mama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya Kihaya, yale ya heshima, ya kuomba radhi kabla ya kosa. Nilimkuta anachambua kahawa iliyokauka. Akanipa chache za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa na majani ya kunukia, kama mgeni. Nikapiga magoti nikasema: Mama, waitu, nisamehe, nitawatenganisha pacha. Nikamweleza mmoja anateseka juu na mwingine anateseka chini, na kwamba nimeheshimu neno lake mpaka nimemvunja mtoto, na kama kuna balaa basi linishukie mimi nisiye na mume wala mtoto wa kupoteza.

Nilisema kwa ufasaha. Nilikaribia kulia kwa uzuri wa maneno yangu.

Mama alinitazama kama nimepandwa na homa.

"Koku, nani alikukataza kuwatenganisha?"

Nikamwambia ni yeye. Alisema Nyakato hatangulii.

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi nimpe maji. Halafu akakasirika, maana alikumbuka. Alisema siku ile niliingia nyumbani mwake mbio, sijanawa, sijakaa, nikamtaja Nyakato. Nyakato ameitwa. Nyakato anapewa. Na Nyangoma amekaa palepale mikono mitupu, mkubwa wake, aliyemtangulia kuja duniani, hata kama ni kwa muda wa mkunga kunawa mikono. Tangu lini Nyakato akapewa kwanza? Ndilo alilolisema. Hakusema asiende. Aende Bukoba, aende Mwanza, apeleke miguu yake anakotaka.

"Mkubwa apewe chake kwanza. Basi."

Nilibaki nimepiga magoti. Neno moja. Mimi nililisikia la njiani, kwamba asimwache mwenzake nyuma. Yeye alilisema la sahani. Kila tukila kwake namwona akimpakulia Nyangoma kwanza, halafu Nyakato, na sikuwahi kujiuliza.

Nikamwambia naye angeweza kuongeza maneno mawili matatu siku ile, tungeepuka mateso yote haya. Akasema alikuwa anamenya ndizi. Na ana haki zote za kutojua, maana anaamini mpaka leo kwamba kwenye mpira wa magongo anashinda aliyebaki amesimama.

Nilicheka mwenyewe, nikakasirika, nikacheka tena. Lakini wakati naondoka aliniuliza swali lililonifuata mpaka Kamachumu: "Na cha Nyangoma ni kipi?"

Sikukijua. Hapo ndipo penye kosa langu lote. Tangu Zamda alipoketi juu ya ile ndoo nimekuwa nikitafuta namna ya kumpa Nyangoma kitu cha Nyakato. Sikuwahi kumtafutia cha kwake.

Kisha nikakumbuka alichoniuliza siku ya uji kumwagika. Nani sasa atacheza kiungo hapa?

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwita Nyangoma kwenye stoo ya michezo. Sikumwita Nyakato. Nimemwuliza yeye kwanza, na nimengoja jibu bila kulisaidia.

Hapendi Bukoba. Hakuwahi kupenda. Anataka kucheza mchezo mzima, kuanzia filimbi mpaka filimbi, na kuwaambia watu waende wapi. Aliposema hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akainamisha kichwa, akazungusha kidole kwenye tundu la neti.

"Kama ningesema, Nyakato angekwenda na mimi ningekuwa aliyebaki. Sitaki kuwa aliyebaki, Shangazi."

Nimemwambia: wewe hubaki. Unachukua timu. Kiungo wa kati na nahodha, mipira yote ipite kwako, na ukikosea kupanga tutafungwa na lawama itakuwa yako, si yangu. Nimemwambia pia kwamba hakuna mtu mwingine aliyekwishaambiwa chochote, hata ndugu yake. Yeye ndiye wa kwanza.

Halafu akauliza kama nahodha anaweza kumhamisha beki wetu wa kushoto, maana amewekwa mahali siko tangu Aprili. Ni mimi niliyemweka. Nikasema anaweza.

Kemia nimemwambia asiiache.

Jumatano, 20 Agosti

Nyangoma alikwenda mwenyewe kulidai gongo lake. Yule wa kidato cha kwanza hakutaka kulitoa, alilikumbatia. Wameafikiana: gongo linarudi kwa mwenyewe, na mtoto atafundishwa kila jioni mpaka fundi wa Izimbya atakapomchongea lake. Sikuingilia. Nilijifanya nachora mistari.

Beki wa kushoto amehamishwa. Ni kweli, alikuwa mahali siko.

Jumapili, 24 Agosti

Kagoma, sisi wanne. Safari hii nimenawa, nimekaa, nimengoja mpaka Mama akasema habari zianze.

Nikamtaja Nyangoma. Nikasema amepewa timu ya Kamachumu, nahodha, na nikasema kwa nini, kwa kirefu, mpaka masikio yake yakawaka. Mama akampa kahawa za kutafuna mkononi. Ndipo nikamtaja Nyakato. Nikasema ameitwa Bukoba, na Zamda bado anamngoja. Nilimpigia Alhamisi, nikameza maneno yangu ya jambo la familia, naye hakunisimanga, aliuliza tu analeta gongo lake au wamtafutie. Mama akampa Nyakato kahawa zake.

Nyakato alilia. Sikutegemea. Hajawahi kwenda mahali bila mwenzake, hata hospitali walilazwa pamoja, mmoja mgonjwa na mwingine mzima. Nyangoma alimpa kitambaa chake akamwambia aende, akirudi watasimuliana.

Kisha akaongeza kuwa ataanza yeye. Mama aligonga goti kwa kiganja, ameridhika.

Jumamosi, 30 Agosti

Mechi mbili siku moja. Siwezi kuwa sehemu mbili. Nyakato kapanda gari la parokia kwenda Bukoba na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa na safari yake. Mimi nimekwenda Kagoma na Nyangoma na timu yake kwa gari la kukodi. Nilijua nichague wapi. Sikulazimika kufikiri.

Tumefungwa. Kagoma wana mshambuliaji mmoja mrefu, na golikipa wetu alilala kidogo mwishoni. Lakini ule mchezo! Nyangoma katikati, ameinua kichwa, anapata ile nusu pumzi yake ya kuangalia. Mpira unaondoka kwake kwenda mahali patupu, na mahali patupu panajaa mtu. Beki wa kushoto alikimbia mpaka akapoteza kiatu. Goli letu lilipita kwa wasichana watano kabla ya kuingia, na wote watano wanadai ni lao. Nyangoma alikosea pia, pasi mbaya iliyotufungisha la kwanza. Aliinua mkono akakiri, akaendelea.

Wakati wa kurudi walisimulia wote kwa pamoja. Hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Aliyepoteza kiatu alisimama kwenye gari kuonyesha jinsi kilivyomtoka. Nyangoma alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, sauti imekauka, anaeleza, anaeleza. Nilikaa mbele nimefumba macho. Walidhani nimelala.

Jumapili, 31 Agosti

Jua la kawaida. Baada ya ibada, Kagoma. Mistari ya uwanja sikuichora, leo si siku yake.

Nyakato alikuwa ametangulia kufika, alilala Bukoba na dereva wa parokia akamshusha njiani asubuhi. Ana jicho limevimba na kicheko hakimwishi. Alitukimbilia uani mdomo umeshafunguka. Halafu akajizuia, akaufunga, akakaa kwenye mkeka.

Nyangoma alinawa. Akakaa. Akaanza na filimbi ya kwanza, hakuruka kitu, kiatu cha beki, goli la watu watano, ile pasi yake mbaya aliieleza mara mbili. Alitumia punje za kahawa kupanga timu juu ya mkeka, na Mama akamwuliza nani hapo ndiye aliyebaki amesimama. Nilichambua kahawa yangu. Ndizi zilipoa.

Nyakato alisikiliza mpaka mwisho, anauma midomo. Nyangoma aliposema basi, ni hayo tu, akazikusanya zile punje na kumwekea mwenzake mkononi.

"Haya, na wewe."

Mama akaanza kupakua.